NABII YAQUB (A.S.): MTU WA MAJINA MAWILI

  

 Kama ilivyo kawaida ya jarida letu, kila mwaka tunaeleza maisha ya mmoja wa watu wema waliotutangulia ili tujifunze kutoka kwake. Mwaka huu tumemchagua Nabii Yaqub (a.s.), na sababu ya kumchagua imetoka hapa hapa madrasa kwetu.

KISA CHA DAFTARI LA MAHUDHURIO

Tulipokuwa tukiandikisha wanafunzi wapya, aliletwa mtoto mmoja ambaye jina lake la nyumbani ni Doto. Jina lake la pili lilikuwa Yakubu. Sisi waalimu tulipitisha mstari juu ya Doto tukaacha Yakubu peke yake, tukidhani kwamba tunamsaidia mtoto awe na jina la Kiislamu tupu. Wenzake nao wakaanza kumcheka kila alipoitwa Doto na ndugu zake nje ya madrasa.

Baada ya siku chache alikuja bibi yake. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa mkekani, akatusalimia vizuri, kisha akatueleza kwamba mtoto huyu alizaliwa pacha. Kulwa, yule wa kwanza kutoka, alifariki kabla ya kutimiza siku arobaini. Jina la Doto ndilo peke yake lililobaki duniani kushuhudia kwamba Kulwa alikuwepo. Akatuuliza ni kosa gani limo katika jina hilo hata likafutwa.

Hatukuwa na jibu. Tulirudi kwenye vitabu, na huko tukakuta jambo ambalo tulilisoma zamani bila kulizingatia: jina la Yaqub, lile tuliloliacha kwa sababu ni la Kiislamu, kwa asili yake ni jina la pacha wa pili. Basi na tumsimulie mwenye jina hilo tangu mwanzo.

KUZALIWA KWAKE NA MAANA YA JINA LAKE

Nabii Yaqub (a.s.) ni mtoto wa Nabii Is-haq (a.s.), na Is-haq ni mtoto wa Nabii Ibrahim (a.s.). Kwa hiyo ni mjukuu wa Khalilullah. Qur'an inamtaja kwa jina la Yaqub mara 16. Katika Suratu Hud tunasoma kwamba bishara ya kuzaliwa kwake ilitolewa kabla hata baba yake hajazaliwa. Malaika walimfikia Nabii Ibrahim (a.s.) akiwa mzee, mkewe akiwa amesimama, akacheka. Hapo akabashiriwa Is-haq, na baada ya Is-haq, Yaqub.

Wanafunzi wazingatie kicheko hicho. Kwa Kiebrania, lugha ya Wana wa Israil, jina Is-haq linatokana na neno la kucheka. Ndugu yake mkubwa Ismail, jina lake limeungwa kwa maneno mawili: kusikia, na El, yaani Mungu. Maana yake ni Mungu anasikia. Anayejua kwamba kwa Kiarabu kusikia ni sami'a ataona mara moja jinsi lugha hizi mbili zilivyo ndugu. Kiarabu na Kiebrania ni kama Kinyamwezi na Kisukuma. Anayejua kimoja hutambua baadhi ya maneno ya kingine.

Ama Yaqub, Taurati iliyopo leo inasimulia kwamba mama yake alizaa mapacha. Wa kwanza aliitwa Esau, ambaye wanahistoria wetu humwita Al-Iys. Wa pili alitoka akiwa amemshika ndugu yake kisigino. Kisigino kwa Kiarabu ni 'aqib, na kwa Kiebrania neno ni hilo hilo kwa matamshi yaliyokaribiana. Kwa hiyo akaitwa Yaqub. Imamu Ibn Kathir naye ameitaja habari hii katika visa vyake vya Manabii. Wako pia wataalamu wa lugha wanaoona kwamba jina hili lilikuwa dua ya wazazi, kwamba Mungu amlinde mtoto. Vyovyote iwavyo, herufi zake zina maana ya kufuata nyuma, na ndivyo alivyobashiriwa: baada ya Is-haq.

Hapa Igunga, na Unyamwezini na Usukumani kwa jumla, mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, awe wa kiume au wa kike, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Kabula. Kama Nabii Yaqub (a.s.) angezaliwa katika moja ya nyumba zetu za kando ya Mbuga ya Wembere, bila shaka wakunga wangemwita Doto.

Tuseme neno moja kuhusu habari zinazotoka kwa Watu wa Kitabu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tusizisadikishe wala tusizikadhibishe pale ambapo Qur'an na Sunna hazikusema kitu. Tunazisimulia kwa kufafanua, na kile kinachopingana na heshima ya Manabii tunakiacha.

Wanafunzi wa nahau pia wana ushahidi wao. Mnaposoma Ajurumiyya mnakuta majina yasiyokubali tanwini, na ambayo hupewa fat-ha mahali pa kasra. Ibrahim, Ismail, Is-haq, Yaqub na Yusuf ni katika hayo, na sababu wanayoitoa wanazuoni ni kwamba ni majina ya watu yenye asili isiyo ya Kiarabu. Majina ya Mitume yanayopokea tanwini kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni Muhammad, Saleh, Shuaib, Hud, Nuh na Lut. Na hata katika hayo, Nuh na Lut si ya Kiarabu kwa asili, bali yamepata ruhusa kwa ufupi wake. Basi anayesema kwamba jina la Kiislamu lazima liwe la Kiarabu atayaacha majina ya Mitume wengi.

JINA LA PILI: ISRAIL

Nabii Yaqub (a.s.) alikuwa na jina jingine, Israil. Katika Qur'an yeye mwenyewe ametajwa kwa jina hili mahali pawili, katika Suratu Al-Imran na Suratu Maryam. Mahali pengi zaidi limetajwa katika kuwaita kizazi chake, Bani Israil, yaani wana wa Israil.

Kuhusu maana yake, wafasiri wetu wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Isra ni mja na Il ni Mwenyezi Mungu, kwa hiyo Israil ni sawa na Abdullah. Taurati inalifasiri kwa kisa cha kushindana mweleka usiku kucha. Wataalamu wa lugha wengine wanasema maana yake ni Mungu anatawala. Sisi tunashika ile inayolingana na utukufu wa Allah (s.w.) na adabu ya Manabii.

Katika Suratu Al-Imran tunajulishwa kwamba Israil alijiharamishia mwenyewe chakula fulani kabla ya kuteremshwa Taurati. Imepokelewa katika hadithi kwamba aliugua maradhi ya mshipa wa nyonga, akaweka nadhiri kwamba akipona ataacha kitu akipendacho zaidi, nacho kilikuwa nyama ya ngamia na maziwa yake. Hivi ndivyo alivyokuwa: mtu aliyefanya kazi, aliyeugua, aliyeweka nadhiri akaitimiza.

Ama ujana wake, Taurati inasema aliondoka kwao akaenda kwa mjomba wake Labani, akachunga mifugo yake miaka 14 kama mahari ya mabinti wake wawili, Lea na Raheli, na miaka sita zaidi kwa ajili ya mifugo yake mwenyewe. Kuoa ndugu wawili kwa pamoja kuliruhusiwa katika sharia ya wakati huo, na katika sharia yetu ni haramu, kama ilivyo katika Suratu An-Nisaa.

WATOTO 12 NA MAJINA YAO

Allah (s.w.) alimruzuku watoto wa kiume 12, na kutokana nao yakatoka makabila 12, ambayo Qur'an inayaita Al-Asbat. Qur'an haikuwataja kwa majina isipokuwa Yusuf (a.s.). Majina ya wengine yamo katika Taurati na katika vitabu vyetu vya historia, na kila jina lina habari yake.

Lea hakupendwa kama ndugu yake. Alipozaa mtoto wa kwanza alimwita Rubeni, akikusudia kwamba tazameni, ni mwana, na kwamba Mungu ameuona unyonge wake. Wa pili akamwita Simeoni, kwa kuwa Mungu amesikia. Hili nalo linatoka kwenye kusikia, kama Ismail. Wa tatu akamwita Lawi, akitumaini kwamba sasa mume wake ataambatana naye. Wa nne akamwita Yahuda, jina la kusifu na kushukuru. Majina matatu ya mwanzo yanaonesha maumivu ya mama. La nne halina malalamiko tena. Ni shukrani tupu kwa Mola wake.

Wakafuata Dani, kutokana na hukumu. Mwanafunzi anayesoma Alfatiha anaijua din kwa maana ya hukumu na malipo katika Siku ya Malipo, na neno la Kiebrania ni ndugu yake. Kisha Naftali, mapambano, Gadi, bahati njema, Asheri, heri, Isakari, ujira, na Zabuloni, heshima. Raheli alikaa muda mrefu bila mtoto. Alipojaaliwa alimwita Yusuf, maana yake aongeze, akimwomba Mungu amwongezee mwingine.

Ombi lake lilikubaliwa, lakini uzazi ule ulikuwa mgumu na Raheli alifariki njiani. Alipokuwa akikata roho alimwita mtoto mwana wa huzuni yangu. Hapo Nabii Yaqub (a.s.) alifanya jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Naye alikuwa na msiba wa mke aliyempenda, lakini hakukubali mtoto abebe msiba huo maisha yake yote. Akambadilisha jina, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Wanafunzi wa Kiarabu watazitambua sehemu zote mbili, bin na yamin.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) naye alikuwa akibadilisha majina mabaya. Binti aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi, alimwita Jamila. Mtu mmoja aliyeitwa Hazn, ugumu, alitaka kumpa jina la Sahl, wepesi, naye akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, alieleza baadaye kwamba ugumu haukutoka katika ukoo wao.

MTIHANI WA KUPOTEA KWA YUSUF

Suratu Yusuf imeeleza mtihani mkubwa wa Nabii Yaqub (a.s.). Yusuf aliota nyota 11, jua na mwezi zinamsujudia. Baba akamwonya asiwasimulie ndugu zake. Wao wakamchukua kwa hila, wakamtumbukiza kisimani, wakarudi jioni wanalia na kanzu yenye damu ya uongo. Mzee hakuwaamini. Alijua nafsi zao zimewashawishi, akachagua subira njema na kumtaka Allah (s.w.) msaada.

Msafara ukapita, mchota maji wao akamtoa mtoto kisimani, akauzwa Misri kwa dirhamu chache. Sisi wa mkoa wa Tabora tunafahamu msafara ni nini. Nchi yetu imepitiwa na njia ya Bagamoyo mpaka Ujiji, na wako wazazi wengi ambao watoto wao walipita njia hiyo wasirudi tena.

Miaka ikapita. Ikaja njaa, wana wakaenda Misri kutafuta nafaka, na katika safari ya pili mtoto mdogo wa Raheli naye akazuiliwa huko. Huzuni mpya ikaamsha ya zamani. Macho ya mzee yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe walipomlaumu kwamba haachi kumtaja Yusuf, aliwajibu kwamba mashitaka yake anayapeleka kwa Allah (s.w.) peke yake, kisha akawatuma tena wakamtafute Yusuf na ndugu yake, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mola wao.

Hapa iko faida kubwa. Kulitaja jina la mtoto aliyepotea hakukuhesabiwa kuwa ni kukosa subira. Nabii wa Mwenyezi Mungu alilia, akalitaja jina la mwanawe miaka mingi, na bado alikuwa katika wenye kusubiri.

Hatimaye msafara ulipoondoka Misri na kanzu ya Yusuf, mzee aliihisi harufu ya mwanawe kabla hawajafika. Kanzu ilipowekwa usoni mwake, akaona tena. Wanawe wakamwomba awaombee msamaha, akawaahidi. Akahamia Misri na ahli yake yote, na ndoto ya Yusuf ikatimia.

WASIA WA MWISHO

Taurati inasema aliishi Misri miaka 17 akafariki akiwa na umri wa miaka 147, na akazikwa Al-Khalil huko Palestina, alipozikwa babu yake Ibrahim (a.s.). Qur'an haikutueleza umri, bali imetueleza lililo muhimu zaidi. Katika Suratu Al-Baqara tunasoma kwamba mauti yalipomfikia aliwakusanya wanawe akawauliza watamwabudu nani baada yake. Wakajibu kwamba watamwabudu Mungu wake na Mungu wa baba zake, Ibrahim, Ismail na Is-haq, Mungu Mmoja.

Hakuwauliza juu ya mifugo wala mashamba. Hakuwauliza pia kama watalihifadhi jina lake. Aliuliza juu ya ibada tu.

JINA LA YAQUB KATIKA NCHI YETU

Kufikia miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na makazi Tabora, mahali palipoitwa Kazeh. Kwa njia hiyo, pamoja na Uislamu, yalikuja majina haya: Yakubu, Yusufu, Isihaka, Ibrahimu. Wamisionari walipofika baadaye walileta Yakobo, jina lile lile lililopitia Kigiriki. Waingereza nao wana Jacob na James, na yote mawili shina lake ni Yaqub. Kwa hiyo jirani yetu Yakobo na ndugu yetu Yakubu wanaitwa jina moja.

Yupo Yaqub mmoja wa njia hii ambaye historia imemhifadhi. Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyechukuliwa utumwani, akakombolewa na Waingereza, akasomeshwa India, na huko akapewa jina la Jacob Wainwright. Mwaka 1872 alifika Tabora katika kundi lililopelekwa kwa David Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873, ni yeye aliyechonga maandishi kwenye mti pale moyo wake ulipozikwa, na mwaka 1874 alihudhuria mazishi yake London. Alirudi Afrika, akafariki Urambo, katika mkoa wetu, mwaka 1892. Dunia inamjua kwa jina alilopewa ugenini. Tulipoisoma habari yake tuliukumbuka ule mstari tuliopitisha kwenye daftari letu, tukaona haya.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kumpa mtoto jina jema ni wajibu wa mzazi. Mtume (s.a.w.) alimwita mwanawe Ibrahim kwa jina la baba yake Nabii Ibrahim (a.s.), na alimpa mtoto wa Abdullah bin Salam jina la Yusuf. Pia alifundisha kwamba Bani Israil walikuwa wakiwapa watoto wao majina ya Manabii na watu wema waliowatangulia.

2. Jina la lugha yetu lenye maana njema si dhambi. Linalokatazwa ni lile la ushirikina, la kuonesha uja kwa asiyekuwa Allah (s.w.), la kujitukuza, au lenye maana mbaya. Kulwa, Doto, Shija na Kabula hayamo humo.

3. Mtoto asibebeshwe huzuni au hasira ya wazazi kwa jina. Nabii Yaqub (a.s.) alilibadilisha jina la huzuni siku ile ile ya msiba.

4. Kumcheka mtu kwa jina lake ni haramu. Suratu Al-Hujurat imekataza dharau na kuitana kwa majina ya kejeli.

5. Jina jema peke yake halitoshi. Ndugu waliomtumbukiza Yusuf kisimani walikuwa na majina ya kusikiwa na Mungu na ya kumshukuru Mungu, lakini walihitaji toba kama sisi.

Tunamaliza kwa kuwajulisha wazazi kwamba daftari limeandikwa upya. Mwanafunzi wetu sasa anaitwa kwa majina yake yote mawili, Doto Yakubu, na waalimu tulikwenda nyumbani kwao kumwomba bibi radhi. Alitupokea, akatuombea dua, na katika dua yake akamtaja Kulwa pia.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Waulize wazazi wako mambo matatu: nani alikupa jina lako, kwa nini alilichagua, na maana yake ni nini. Andika majibu kwenye daftari lako uje nayo madrasa.

Allah (s.w.) awarehemu waliotutangulia, atujaalie watoto wema wenye majina mema na vitendo vinavyofanana na majina yao. Amin. Wallahu a'lam.